Jina Langu Mara Tatu

Masaki, Kisarawe
3 Agosti 1975

Mwanangu Mwanakheri,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mbuzi wazima. Jirani yangu Kidawa mzima, anakusalimu.

Barua hii naandika mimi. Si mwalimu, si mtoto wa mtu. Mimi mama yako. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nimeiandika siku nne. Siku ya kwanza niliandika salamu tu, mkono ukauma kama nimetwanga mtama. Mwalimu Onesmo wa kisomo anasema niandike maneno mafupi, kisha nipumzike. Yule mtani wangu hana huruma, lakini amenifundisha. Juzi alipitisha karatasi moja ndefu darasa zima, kila mtu aandike jina lake. Ambaye jina bado linamshinda aandike neno lolote analoliweza. Mimi niliandika langu mara tatu. Mara ya kwanza ili mwalimu aone. Mara ya pili kwa sababu la kwanza lilipinda. Mara ya tatu kwa raha zangu. Kidawa jina lilimshinda, akaandika kuku. Tulicheka mpaka mwalimu akafunga darasa.

Karatasi ile aliichukua mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Twalibu, aiweke kwenye sanduku lake mpaka mkaguzi wa kisomo aje aone tulivyoendelea.

Mikorosho yangu imeanza kutoa maua. Naiendea kule mahame, tulikokuwa tukikaa zamani, kila Jumatano. Ni mwendo, tangu tuhamie huku kwenye safu za nyumba, lakini miguu bado ninayo.

Mama yako,
Mwamini Kondo
Mwamini Kondo
Mwamini Kondo

*

Misugusugu, Kibaha
12 Agosti 1975

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Uliniambia nikae chini, sikuweza. Barua yako nimeisoma nimesimama katikati ya ofisi, nikalia mbele ya watu. Mzee Ponsiano, karani wa masijala, alidhani nimefiwa, akaanza kunipa pole. Nilipomwonyesha jina lako mara tatu alivaa miwani, akayatazama moja moja, akasema la tatu ndilo zuri kuliko yote. Ametaka nikupelekee hongera zake.

Kazi inaendelea. Wiki iliyopita mkuu wangu alinigombeza kwa sababu nilimsahihishia neno kwenye barua yake. Akaniambia, “Kazi yako ni kupiga chapa kilichoandikwa. Usinisaidie kufikiri.” Ponsiano ni mtu wa mizaha. Ameyaandika maneno hayo kwenye kadi na kuyabandika ukutani juu ya mashine yangu, na mkuu alipoiona kadi akasema iachwe hapo hapo.

Sasa Mama, usinikasirikie kwa nitakalosema. Vijiji vimeombwa viweke mikorosho ya zamani kwenye shamba la pamoja, wenyewe wakikubali kwa hiari. Orodha za waliokubali zinaletwa kwetu tuzipige chapa, maana mashine za huko kwenu mbovu. Nakuomba ulifikirie jambo hili kwa moyo mweupe. Miti kumi na tisa si kitu kwa mtu mmoja, lakini miti ya kijiji kizima ni trekta, ni zahanati. Mimi niko Umoja wa Vijana, nasimama mbele ya wenzangu nawaeleza kuhusu ubinafsi. Mama yangu akiwa wa kwanza kuing’ang’ania miti, uso wangu nitauweka wapi?

Mwanao akupendaye,
Mwanakheri Salehe

*

Misugusugu, Kibaha
19 Agosti 1975

Mama,

Shikamoo. Sikungoja jibu lako, siwezi kungoja. Orodha ya Masaki imefika leo asubuhi. Ponsiano alipofungua bahasha nilikuwa pembeni yake, nikaona mistari ya juu tu. Juu kumeandikwa kwa wino mwekundu: WALIOKUBALI KWA HIARI KUTOA MIKOROSHO YAO. Chini yake jina la kwanza ni lako. La pili ni lako. La tatu ni lako. Umekubali mara tatu, Mama. Ponsiano amesema tangu aanze kazi hajaona mtu mwenye moyo kama huo, nami nimenunua soda ofisi nzima, hata mkuu amekunywa.

Nisamehe kwa maneno ya barua yangu ile. Nilikuwa nakufundisha uzalendo, kumbe umenitangulia.

Nitaipiga chapa wiki ijayo, mkuu ataitia saini na muhuri, kisha itarudi huko isomwe mbele ya mkutano wa kijiji tarehe 14 Septemba. Baada ya hapo miti itapakwa chokaa ili ijulikane ni ya wote. Natembea nimenyanyua kichwa.

Mwanao,
Mwanakheri

*

Masaki
24 Agosti 1975

Mwanakheri,

Marahaba. Barua hii nimempa Kidawa mkononi. Anakwenda Mlandizi kwa dada yake, nimemwambia ashuke kwako kwanza. Si jambo la kuiachia posta.

Sikukubali mara tatu. Sikukubali hata mara moja. Hakuna mtu aliyeniuliza.

Nilimsomea Kidawa barua yako, tukatazamana. Nikajifunga kanga nikaenda kwa Mzee Twalibu. Nikamwambia nionyeshe sanduku. Ndani nikakuta karatasi moja yenye maneno ya mikorosho, nyeupe, haina jina hata moja. Ile yetu ya darasani haipo. Nikamuuliza iko wapi. Akasema alikuja afisa na Landrova, ana haraka, hata injini hakuzima, akataka karatasi yenye majina. Twalibu akafungua sanduku, akaona moja nyeupe na moja imejaa, akampa iliyojaa. Afisa akaandika kichwa cha habari juu yake hapo hapo, kwenye boneti ya gari, akaondoka.

Nikamwambia, kaka, hukuisoma kwanza? Akasema miwani ilikuwa imepotea. Mwanangu, Twalibu namjua tangu tunacheza kombolela. Hajawahi kuwa na miwani. Hajui kusoma, na miaka yote hii ya uenyekiti amelificha, na sisi sote tumepita bila kuona. Hili nakuambia wewe peke yako. Ukilitoa nje nitakukana.

Sasa nijibu maneno yako ya miti. Umesema kumi na tisa si kitu. Baba yako aliponiacha nilitoka nyumbani kwake na kanga mbili na wewe nimekushika mkono, una miaka mitano. Mjomba alinipa mahali pa kupanda. Ardhi haikuwa yangu, na sijasema hata siku moja kuwa ni yangu. Huku kwetu ardhi ni ya ukoo, mti ni wa aliyeupanda, hata kama umesimama uani kwa mtu mwingine. Babu yako alikuwa na minazi miwili kwenye ua wa mtu aliyegombana naye miaka saba. Alikuwa anakwenda kuangua, anapiga hodi, yule adui anaitika karibu, anamwachia apande. Ugomvi ulikuwa wao, minazi ilikuwa ya babu. Nilipanda mbegu thelathini, nikazinyweshea kwa ndoo ya kichwani, zikashika kumi na tisa. Mwaka wa uhuru ndiyo kwanza zilizaa, na korosho hizo zilikupeleka shule ukajifunza kupiga chapa jina langu.

Mimi si mbinafsi. Shamba la kijiji nalima kila Jumanne na Ijumaa, muulize yeyote kama nimewahi kuchelewa. Serikali imetuchimbia kisima, imeniletea kalamu, na kila nikishika kalamu hii nashukuru. Lakini mtu akikuchimbia kisima hajawa mumeo. Mume nilikuwa naye, aliamua nile nini, niende wapi, nicheke na nani. Sitafuti wa pili. Serikali ishike kazi zake, na zipo nyingi, barabara yetu yenyewe umeiona. Ikifika kwenye kilicho changu isimame nje ipige hodi. Waniombe. Pengine nitawapa. Lakini nataka niweze kusema hapana na kesho yake niamke salama nyumbani kwangu.

Kama kuna unaloweza kufanya, fanya. Kama huwezi, niambie nijue, maana maua yanaanguka na korosho zimeanza kushika.

Mama yako

*

Misugusugu
27 Agosti 1975

Mama,

Shikamoo. Kidawa, aliyefika jana, anakunywa chai hapa, nami naandika haraka aondoke na jibu.

Nina aibu. Nimeisoma barua yako mara nne. Nilikupa somo ambalo hukulitaka, kisha hongera ambayo haikuwa yako, na katikati sikukuuliza hata swali moja. Nimefanya kama yule afisa wa Landrova, tofauti yetu ni kwamba mimi nakupenda.

Leo asubuhi nimeichukua orodha nikaisoma mpaka mwisho. Nimemkuta kuku wa Kidawa. Nimekuta na mengine. Nikaenda kwa mkuu, nikamweleza kuwa karatasi hii ni ya darasa la kisomo, watu hawakukubali chochote. Hakuinua macho. Akasema majina ni majina, yameandikwa na wenyewe kwa mikono yao, na keshokutwa aione mezani imepigwa chapa. Ponsiano akanivuta pembeni. Akanishauri niisafishe, niache majina tu, niondoe yanayojirudia, kama kila mtu anavyofanya, na mambo yatapita.

Nikarudi kwenye mashine. Nikaitazama ile kadi ukutani. Mama, nimefanya jambo ambalo sitaliandika hapa. Nimetii amri ya mkuu wangu neno kwa neno, hilo tu ndilo nitakalokuambia. Siku ya mkutano, wakitaka kuisoma orodha, omba uisome wewe. Usikubali asome mtu mwingine. Fanya mazoezi ya herufi za mashine, hazifanani na za mkono. Nimekuwekea gazeti ndani ya bahasha.

Jana jioni nilikumbuka siku ile tulipokwenda Kisarawe kushangilia bendera. Nilikuwa na miaka minane, uliniweka begani nione. Nilikuuliza uhuru ni nini, ukasema, sasa hakuna wa kutuamulia. Miaka miwili napiga chapa karatasi za watu walioamuliwa mambo yao, na sikulikumbuka neno hilo mpaka ulipoandika habari ya hodi. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama leo.

Mwanao,
Mwanakheri

*

Masaki
18 Septemba 1975

Mwanangu mwanangu mwanangu,

Marahaba. Nimeandika barua hii siku tatu, kila baada ya futari, na kila nikifika mahali pa kuku nacheka kalamu inaruka.

Mkutano ulianza saa tatu asubuhi. Tumefunga, midomo mikavu, jua limeanza mapema. Afisa alikuja na Landrova yake na vijana wawili wenye ndoo za chokaa. Walikaa pembeni wanakoroga. Mimi nilikuwa natazama zile ndoo tu. Afisa alisema maneno mazuri sana juu ya Masaki, kwamba tumekuwa mfano kwa hiari yetu, akatoa karatasi yenye muhuri akampa Mzee Twalibu aisome.

Twalibu akaishika. Akaigeuza upande huu na upande huu. Akajipapasa mfukoni akasema miwani. Jasho lilikuwa linamtoka, mtu mzima yule, na mimi peke yangu ndiye niliyejua analia kwa ndani. Nikasimama nikasema, “Mwenyekiti, wewe umechoka na saumu. Nipe mimi nikusomee.” Afisa akafurahi, akasema hayo ndiyo matunda ya kisomo, mama njoo mbele.

Nikaenda mbele. Herufi za mashine nilikuwa nimezizoea kwa gazeti lako. Nikaweka kidole chini ya neno, nikaanza. Kichwa cha habari nilikisoma chote, waliokubali kwa hiari kutoa mikorosho yao. Kisha nikasoma Mwamini Kondo. Mwamini Kondo. Mwamini Kondo. Watu wakanong’ona. Nikaendelea, Kitwana Mfaume. Kuku.

Hapo nilisimama kidogo, maana nilidhani jicho limenidanganya. Nikarudia kwa sauti, Kuku. Mwanajuma Mfaume. Jembe. Mwanaju, hapo jina limekatika, Mwanajuma alichoka. Kuku tena. Kisha a, e, i, o, u. Ulivipiga vyote, hukuacha kitu. Sijawahi kusikia kijiji kinacheka hivyo mwezi wa Ramadhani. Mzee Kitwana alishika mbavu. Kidawa alisimama akasema huyo Kuku ni yeye, na hana mkorosho hata mmoja. Wale vijana wa chokaa waliacha kukoroga.

Afisa akaniambia ninasoma vibaya. Nikampa karatasi asome yeye. Akatazama, uso ukabadilika. Nikamwonyesha chini. Nikasema, “Bwana mkubwa, hapa pana saini na muhuri. Serikali imethibitisha kuwa Kuku amekubali kwa hiari. Ndivyo na mimi nilivyokubali.”

Alikasirika. Akaniuliza kama napinga kijiji. Mimi hapo, mwanangu, niliogopa. Lakini nilikuwa nimeshasoma mbele ya watu mia, nikaona la pili haliwezi kuwa gumu kuliko la kwanza. Nilimjibu kwamba kijiji ni mimi na hawa waliokaa hapa, na kijiji hakijaniomba. Nikamwambia jina langu nililiandika kwa furaha ya kujua kuandika, nikalitoa darasani, sikulitoa kwa mtu aende nalo akalitumie anavyotaka. Nikasema yako mambo ya kijiji na yako mambo ya mwenye nyumba, na asiyetofautisha hayo mawili, hata akiwa na nia njema, leo anachukua mti, kesho sijui atachukua nini. Mwisho nikasema, “Niulize, nikujibu. Nikisema ndiyo, iwe ndiyo. Nikisema hapana, unipe mkono twende tukalime.”

Nilidhani nitakaa peke yangu. Mzee Kitwana akasimama akasema na yeye hakuulizwa. Mwanajuma akasimama. Wakasimama mmoja mmoja, wengine wanaotaka kutoa miti yao na wengine wasiotaka, wote wanasema neno lile lile, hatukuulizwa. Halafu Mzee Twalibu akasimama. Akasema kosa ni lake, alitoa karatasi isiyo yenyewe. Hakusema sababu. Nami sikuisema.

Mwalimu Onesmo ameandika kwenye muhtasari kwamba mkutano umeamua, anayetoa mti aseme kwa mdomo wake mbele ya watu, na asiyetoa asisumbuliwe. Afisa aliusoma, akaukunja, akautia mfukoni. Kabla ya kupanda gari akaniuliza nimesoma kisomo miezi mingapi. Nikamwambia saba. Akatikisa kichwa, na nadhani alicheka.

Ile chokaa ilibaki. Tumepaka darasa.

Sasa nieleze wewe umefanywa nini huko. Usinifiche.

Mama yako,
Mwamini Kondo

*

Misugusugu
25 Septemba 1975

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako nimemsomea Ponsiano. Kufika kwa a, e, i, o, u alitoka nje akaenda kucheka kwenye korido.

Sikufichi. Mkuu aliitwa kueleza kuhusu Kuku. Alirudi amefura, akaniuliza kwa nini nilipiga chapa upuuzi ule. Nikamwonyesha kadi ukutani, maneno yake mwenyewe. Nikamkumbusha kuwa nilikuja kumwambia kabla, naye hakutaka kusikia, na kwamba saini ni yake. Nilishaanza kufikiria nitafunga mizigo yangu kwa kamba gani. Mwishowe akaamua nipewe barua ya onyo. Lakini mpiga chapa ni mimi peke yangu, kwa hiyo barua ya onyo nimeipiga chapa mwenyewe. Ina kosa moja la herufi, la kwake. Sikulisahihisha.

Ameing’oa ile kadi. Siku hizi anasoma kila karatasi kabla ya kutia saini, anachelewa kurudi nyumbani, na ananilaumu mimi. Ponsiano anasema hayo ndiyo maendeleo makubwa ofisi hii iliyopata.

Kwenye mkutano wa Umoja wa Vijana niliinua mkono. Nikasema tunaweza kuwaomba watu watoe, na tunaweza kuwashawishi mpaka sauti zikauke, ila kuwatolea hatuwezi. Wengine walinizomea. Watatu walinifuata nje kuniuliza zaidi. Bado naupenda ujamaa, Mama. Ila nautaka uje na hodi.

Mwanao,
Mwanakheri

*

Masaki
19 Oktoba 1975

Mwanangu,

Marahaba. Idi tumekula vizuri, kanga uliyoniletea nimeivaa siku zote tatu.

Siku ya pili ya Idi nikasikia hodi. Mzee Twalibu, amevaa kanzu, peke yake. Nikamkaribisha, akanywa chai, akala maandazi, tukaulizana habari za wajukuu wake. Kisha akasema, “Dada Mwamini, kijiji kimenituma nikuombe. Darasa la kisomo halina paa la maana. Kama unaweza, tunaomba mavuno ya miti yako minne.”

Nikasema hapana.

Nilitaka kuona itakuwaje. Aliitika vyema, akamaliza chai yake, akaniombea dua, akaondoka. Nilikaa mlangoni namtazama mpaka anapinda kwenye njia. Hakuna Landrova iliyokuja. Asubuhi yake nilichota maji kisimani, watu wakanisalimia kama kawaida. Ijumaa nikalima shamba la kijiji. Siku tatu nilitembea na hapana yangu, mwanangu, na sijui nikueleze vipi, nilijiona mwepesi kama msichana.

Siku ya nne nikaenda mwenyewe kwa Twalibu. Nikamwambia miti sita, si minne.

Alinishukuru. Halafu, akiangalia chini, akaniuliza kama siku za Jumatano, nikienda mahame, anaweza kufuatana nami. Watu watadhani anakagua mikorosho. Nimekubali. Jumatano iliyopita tumekaa kule wawili, amechora kwenye mchanga kwa kijiti. Neno lake la kwanza alilichagua mwenyewe, akaandika kuku.

Karatasi ya miti sita ameiandika Mwalimu Onesmo. Niliisoma mwanzo mpaka mwisho, nikairudia, mwenyekiti na mwalimu wamesimama juani wananingoja. Mtani wangu akaanza kuguna, nikamwambia angoje, yeye ndiye aliyenifundisha. Hapo chini paliachwa nafasi kubwa ya jina, na mkono ulikuwa unaniwasha. Nimeliandika mara moja.

Mama yako,
Mwamini Kondo